Mapenzi Bila Tamaa: Kumsoma Amani na Majonzi Yake katika Kidagaa Kimemwozea

Katika makala haya tutamtazama mhusika mmoja ambaye watahiniwa wengi walidhani wanamjua, lakini karatasi zao zilionyesha hawamjui. Mhusika huyo ni Amani, katika riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (Target Publications, 2012), iliyotahiniwa katika KCSE kuanzia mwaka wa 2013 hadi 2017. Karibu kila mtahiniwa aliweza kueleza kwamba Amani ni mvumilivu, mwenye bidii na mwadilifu. Alipoulizwa kuhusu Amani na mapenzi, au Amani na huzuni yake, hoja zilikauka, kisha alianza kuandika mambo ambayo hayamo katika riwaya.

Tatizo ni hili: Amani ni kijana, anaishi karibu sana na msichana, tena anatakwa waziwazi na mke wa mtu, na hatumwoni akiiendea ngono hata mara moja. Msomaji anajiuliza, kulikoni? Kuna anayejibu, "Anaogopa." Kuna anayesema, "Ni mtakatifu." Na kuna anayeandika neno la matusi ambalo sitalirudia kwa sasa. Majibu yote matatu yana kasoro moja. Yametolewa kabla ya ushahidi kukusanywa.

Hebu tuukusanye ushahidi.

1. Muhtasari wa yanayotuhusu

Amani anafika Sokomoko, nchini Tomoko, akiwa amebeba misiba mingi. Babu yake, Chichiri Hamadi, aliuawa, na Yusuf, jamaa yake wa karibu, akasingiziwa mauaji hayo na kufungwa. Mswada alioutunga kwa jasho lake umeibwa, na aliyeuiba, Mwalimu Majisifu, ameuchapisha kwa jina lake mwenyewe. Amani anaajiriwa kuchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora, kaka yake Majisifu, mtu ambaye ndiye chanzo cha maafa ya ukoo wao.

Mwenzake ni Imani. Huyu naye ni mfiwa. Amempoteza mama yake katika udhalimu wa kunyang'anywa ardhi, na familia yao imesambaratika. Imani anaajiriwa kwa Mwalimu Majisifu na mkewe Dora kuwatunza watoto wao wenye ulemavu.

Kisha mtoto mchanga anaachwa kwenye mlango wa Amani. Mtoto huyo, anayeitwa Uhuru, ni wa Mtemi Nasaba Bora na Lowela, msichana wa shule. Amani na Imani wanamlea. Mtoto anaugua, anafariki, na wao ndio wanaoshikwa na kutiwa korokoroni kwa tuhuma za kumuua.

Baadaye Bi Zuhura, mke wa Mtemi, aliyeachwa mpweke na mume asiyetulia nyumbani, anamtaka Amani. Amani anakataa. Mtemi anapowakuta pamoja hasikilizi lolote. Anamjeruhi Amani vibaya na kumfukuza mkewe.

Ukisoma mfululizo huo tena utaona jambo. Kila hatua ina kifo, au tamaa, au vyote viwili, na Amani yuko katikati.

2. Je, hii ni riwaya ya mapenzi?

Ukiulizwa maudhui ya Kidagaa Kimemwozea, utaanza na uongozi mbaya, unyakuzi wa ardhi, ufisadi na ukoloni mamboleo. Sawa kabisa. Lakini usiyasahau mapenzi, maana mwandishi ameyatumia kama mizani ya kuwapima wahusika wake.

Kiswahili kinakusaidia hapa, kwa sababu hakina neno moja tu la jambo hili. Upendo ni hali ya kumjali mtu na kumtakia mema. Mapenzi ni neno pana linalobeba upendo pamoja na uhusiano wa wapendanao. Huba na mahaba ni mapenzi mazito ya moyo. Ashiki ni shauku inayowasha mwili. Tamaa na uchu ni kutaka kujipatia, hata kwa hasara ya mwingine. Mtahiniwa anayetumia neno "mapenzi" kwa yote haya anajinyima alama, kwa sababu hawezi kumtofautisha Amani na Mtemi.

Sasa wapange wahusika. Mtemi Nasaba Bora ana uchu, na haonyeshi upendo. Anamharibia msichana wa shule maisha, kisha mtoto anatelekezwa mlangoni pa mchungaji. Bi Zuhura ana ukiwa ambao umegeuka ashiki. Kumwita malaya tu na kusonga mbele ni kumsoma nusu. Amani na Imani wana upendo, na mtu anaweza kutetea kwamba wana hata huba, lakini riwaya inapowaonyesha wakiishi na kulea pamoja, inawaonyesha wakichukuliana kama ndugu.

Mwandishi huyu si mgeni wa mahusiano ya namna hiyo. Katika Kufa Kuzikana (2003) aliuweka urafiki wa vijana wawili, Akida na Tim, katikati ya chuki za kikabila. Katika Siku Njema (1996), riwaya fupi ambayo iliwahi kuwa kitabu teule, alimfuata Kongowea Mswahili, kijana aliyefiwa na mama yake, Zainabu Makame, na kulazimika kuyatafuta maisha akiwa na pengo hilo. Kijana mfiwa anayeshikiliwa na uhusiano wa kweli ni mhusika ambaye Walibora amemrudia zaidi ya mara moja. Ukilijua hilo, hutashangaa kuwa msiba na upendo vinakwenda pamoja kwa Amani.

3. Kwa nini mhusika asishiriki ngono? Sababu tano zisizofanana

Hapa ndipo watahiniwa walivuruga mambo. Mhusika anapoonyeshwa bila kuiendea ngono, kuna angalau sababu tano zinazowezekana. Zichunguze moja moja.

Kwanza, useja. Huu ni uamuzi wa kutooa au kutoshiriki ngono, kwa sababu ya dini, nadhiri au sababu nyingine. Mseja anaweza kuwa na hamu kama mtu yeyote, ila ameamua kutoifuata.

Pili, maadili. Mtu ana hamu, lakini mazingira hayamruhusu: huyu ni mke wa mtu, au yule ni mwanafunzi. Anajizuia kwa sababu anajua lililo sawa.

Tatu, maumivu. Woga, kiwewe au huzuni nzito huweza kuizima hamu kwa muda. Mtu aliyefiwa hukosa hamu ya chakula, na anaweza kukosa hamu nyinginezo vilevile.

Nne, hali ya kimwili. Mtu anatamani, lakini mwili haumwitiki. Kwa Kiswahili hali hii ya mwanamume huitwa uhanithi. Neno "hanithi" limegeuzwa tusi mitaani. Katika insha ya fasihi ni shtaka linalohitaji ushahidi, na katika riwaya hii hakuna hata chembe ya ushahidi wa kulishikilia.

Tano, kutovutiwa kabisa. Kuna watu ambao hawavutiwi kingono na mtu yeyote, wa kike wala wa kiume. Hawajizuii, hawaogopi, hawaumwi. Ndivyo walivyo. Wengi wao hupenda, huwa na marafiki wa kufa kuzikana, na wengine huoa au kuolewa. Wanachokosa ni mvuto wa kingono peke yake. Moyo wa kupenda wanao.

Hii ya tano ndiyo inayowashangaza wanafunzi, kwa hivyo nitaifafanua kidogo. Si jambo la jana. Mwaka wa 1948 mtafiti Mmarekani Alfred Kinsey, alipokuwa akiwapanga watu kulingana na mvuto wao, alilazimika kuwatengea alama ya X wale ambao hawakuingia katika kipimo chake, kwa kuwa hawakuonyesha mvuto wala uhusiano wa kingono. Mwaka wa 2001 kijana Mmarekani David Jay alianzisha mtandao wa kuwakutanisha watu wa hali hii ili wajue hawako peke yao. Mwaka wa 2004 mtafiti wa Kanada, Anthony Bogaert, alichanganua majibu ya watu zaidi ya 18,000 wa Uingereza, akakuta takriban mmoja kati ya kila mia alisema hajawahi kuvutiwa kingono na mtu yeyote. Na mwaka wa 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulieleza kwamba mtu anayejitambua kuwa wa hali hii hapaswi kuhesabiwa kuwa na ugonjwa wa ukosefu wa hamu.

Nimekupa tarehe hizo ili ujue kwamba uwezekano wa tano upo katika ulimwengu halisi, na kwa hivyo unaweza kuwepo katika fasihi, ambayo ni kioo cha jamii. Usiziandike katika karatasi ya mtihani. Mtahini anatafuta riwaya.

4. Ushahidi wa riwaya unasema nini?

Tuyapime matukio mawili makuu.

Tukio la Bi Zuhura. Amani anakataa. Ushahidi huu unathibitisha nini? Unathibitisha maadili, yaani sababu ya pili. Zuhura ni mke wa tajiri wake, na kumkubali kungekuwa usaliti na hatari. Je, unathibitisha kwamba Amani havutiwi na mtu? Hapana. Mtu mwenye hamu nyingi anaweza kukataa vilevile. Ukiandika kwamba kumkataa Zuhura kunaonyesha Amani hana hisia, umeruka daraja.

Tukio la kuishi na Imani. Hapa mambo ni tofauti. Imani si mke wa mtu. Ni msichana wa rika lake, aliyeshiriki naye taabu, anayemwamini na kumtegemea. Kikwazo cha wazi kama kile cha Zuhura hakipo. Hata hivyo wanakaa kama ndugu. Maadili yanaweza kulieleza jambo hili. Majonzi yanaweza kulieleza. Kutovutiwa kunaweza kulieleza pia. Riwaya haijataja sababu moja na kuzifunga nyingine.

Kwa hivyo mtahiniwa mwangalifu ataandika nini? Ataandika kwamba mwandishi amemsawiri Amani kama kijana ambaye upendo wake hauongozwi na tamaa ya mwili. Kauli hiyo ina ushahidi. Hataandika kwamba Amani ni mtu asiyevutiwa kingono kana kwamba mwandishi amesema hivyo, wala hataandika kwamba lazima alikuwa akimtamani Imani kimoyomoyo kwa kuwa vijana wote ni hivyo. Kauli zote mbili zinamsingizia mwandishi.

Wala usikimbilie kurasa za mwisho kuangalia nani ameoana na nani ili uamue. Ndoa haithibitishi ashiki, na kukosekana kwa ndoa hakuthibitishi kukosekana kwa upendo.

5. Usisome kama Mtemi

Kuna kinaya katika riwaya hii ambacho kingekupa hoja nzuri sana, lakini watahiniwa wachache walikigusa.

Mtu wa kwanza kushindwa kumwelewa Amani ni Mtemi Nasaba Bora. Anapomkuta kijana na mkewe, anahitimisha papo hapo. Haulizi wala hasikilizi. Kwa nini? Kwa sababu anajijua. Yeye mwenyewe asingekuwa na mwanamke faraghani asimguse, kwa hivyo hawezi kuamini kwamba kuna kijana anayeweza. Anampima Amani kwa kibaba chake mwenyewe. Mwenye tamaa kubwa kuliko wote ndiye anayemwadhibu asiye nayo.

Kinaya hicho kina upande wa pili. Uhuru ni tunda la uchu wa Mtemi, lakini anayemlea ni kijana ambaye hakushiriki uchu huo. Na mtoto anapofariki, anayetiwa korokoroni ni mlezi, naye mzazi anaendelea kuheshimiwa kama kiongozi. Amani anabeba mzigo wa tamaa ya mtu mwingine mara mbili: mara ya kwanza kama mlezi, mara ya pili kama mshtakiwa.

Sasa jiulize: msomaji anayesisitiza kwamba "haiwezekani kijana na msichana wakakaa nyumba moja bila jambo" anasoma kama nani? Anasoma kama Mtemi. Ametumia mawazo yake mahali pa ushahidi.

Mimi hufundisha Waithaka, magharibi ya Nairobi, na wanafunzi wangu hutoka pande za Mutuini, Ruthimitu, Kawangware na Uthiru. Wengi wanaishi katika ploti, vyumba vimepangana mstari mmoja na mfereji wa maji ni wa wote. Katika ploti siri haikai. Mvulana na msichana wakionekana wakipika pamoja Jumatatu, kufikia Jumamosi majirani wameshatoa hukumu. Na kijana akifika miaka thelathini bila kuonekana na mchumba, shangazi zake wanamwuliza kila Krismasi, "Wewe, mwenzako tutamwona lini?" Akinyamaza, wanamtafutia jina. Sokomoko haiko mbali nasi hivyo. Ukiyaona haya mtaani kwako, utaelewa ni kwa nini Amani hakuwa na namna ya kujitetea mbele ya Mtemi: jamii ilikuwa tayari na hadithi yake kumhusu.

6. Majonzi ya Amani

Tuingie upande wa pili wa swali. Amani anaishije na misiba yake?

Wanafunzi wengi wamesikia habari za hatua tano za majonzi: kukana, hasira, kujadiliana, huzuni nzito na kukubali. Hatua hizi zilitajwa mwaka wa 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross katika kitabu kilichotokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakabili kifo chao wenyewe. Baadaye watu walizichukua wakawavisha wafiwa. Usimlazimishe Amani apite humo kama abiria anayehesabu vituo vya matatu. Hutapata hatua zote, na utapoteza muda.

Maelezo yatakayokufaa zaidi ni yale ya Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi, ya mwaka wa 1999. Wao walisema mfiwa huenda na kurudi. Saa hii anaukabili msiba wenyewe: analia, anakumbuka, anauliza kwa nini. Saa ijayo anayakabili maisha: anatafuta kazi, anapika, anatunza wengine. Kwenda na kurudi huko si unafiki. Ndiko kupona kwenyewe.

Mtazame Amani kwa jicho hilo. Kwa upande mmoja hajausahau msiba. Kuwepo kwake Sokomoko, chini ya paa la adui wa ukoo wake, ni kuukabili msiba uso kwa uso, kwani anataka ukweli ujulikane. Kwa upande wa pili anachunga ng'ombe, anakamua, anamlea mtoto. Yote mawili yanakwenda sambamba. Ndiyo maana wasomaji wengine humwona mtulivu mno na kudhani hana uchungu. Utulivu wake ni wa mtu ambaye ana kazi ya kufanya.

Nakushauri uangalie nguzo tatu zinazomshikilia, na kila nguzo uitafutie tukio katika riwaya.

Nguzo ya kwanza ni mwenzake katika msiba. Imani anamfaa Amani kwa kuwa yeye pia amefiwa, na mfiwa hahitaji kumweleza mfiwa mwenzake kila kitu. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hapa ndipo upendo usio na tamaa unapata thamani yake katika msuko wa riwaya. Imani anaweza kuegemea bega la Amani bila kuogopa kwamba bega hilo litamdai malipo. Kwa msichana aliyepoteza kila kitu katika jamii yenye watu kama Mtemi, hilo si jambo dogo.

Nguzo ya pili ni kulea. Watu wawili waliopokonywa familia wanajikuta na mtoto ambaye naye amekataliwa na familia. Wanaunda nyumba kutokana na mabaki. Uhuru anapofariki, msiba mpya unaangukia juu ya ile ya zamani, na zaidi ya hayo wananyimwa hata nafasi ya kulia, kwa kuwa wanageuzwa washukiwa. Hapa mtahiniwa makini ataona kwamba dhuluma ya Sokomoko haikomi kwenye ardhi na mali. Inafika hadi kwenye haki ya mtu kuomboleza. Jina la mtoto lenyewe linakupa ishara ya kuifafanua: Uhuru unazaliwa kwa kiongozi mwenye uchu, unatelekezwa, unalelewa na wanyonge, nao wanyonge hao ndio wanaolaumiwa unapokufa.

Nguzo ya tatu ni haki. Amani hatafuti kisasi cha panga. Anatafuta ukweli kuhusu kifo cha babu yake na kuhusu mswada wake. Kwa mfiwa ambaye jamaa yake aliuawa na mwingine akafungwa kwa kusingiziwa, faraja haiwezi kukamilika kwa rambirambi peke yake. Inahitaji ukweli.

Tahadhari moja: usiseme majonzi ndiyo yaliyomfanya Amani asiwe na tamaa, kana kwamba huzuni ikiisha atakuwa "kama wengine". Huzuni huweza kuizima hamu kwa muda, kama tulivyosema, lakini riwaya haijamwonyesha Amani wa kabla ya msiba akiwa tofauti. Ukitaka kuitaja sababu hiyo, itaje kama uwezekano.

7. Swali la mfano

Katika Karatasi ya Tatu (102/3), swali la insha kuhusu riwaya huwa na alama 20. Chukua swali hili:

"Upendo wa kweli hauhitaji tamaa." Thibitisha kauli hii ukirejelea Kidagaa Kimemwozea. (alama 20)

Kosa la kwanza la watahiniwa ni kusimulia hadithi yote. Kosa la pili ni kuzungumzia Amani na Imani tu na kumaliza hoja baada ya aya mbili. Kumbuka kwamba kauli ina pande mbili, upendo na tamaa, kwa hivyo unaweza kuthibitisha kwa kufananisha na kwa kutofautisha. Hoja zinaweza kuwa hizi:

(a) Amani na Imani wanachukuliana kama ndugu na kufaana katika shida.
(b) Wanamlea Uhuru, mtoto asiye wao, kwa moyo mmoja.
(c) Amani anamkataa Bi Zuhura ingawa yuko faraghani naye.
(d) Imani anawatunza watoto wenye ulemavu wa Majisifu na Dora kwa utu.
(e) Kinyume chake, Mtemi anamtumia Lowela kwa uchu bila kumjali.
(f) Mtoto aliyezaliwa kwa tamaa anatelekezwa na aliyemzaa.
(g) Ndoa ya Mtemi na Zuhura imebaki jina tu, na inavunjika kwa ghadhabu.
(h) Mtemi anamjeruhi Amani kwa kuhukumu kwa kipimo cha tamaa yake mwenyewe.

Kila hoja iandike kwa hatua mbili: itaje, kisha uitolee mfano mahususi. Tazama jinsi hoja (b) inavyoweza kuandikwa:

"Amani na Imani wanaonyesha upendo wa kweli kwa kumlea Uhuru. Mtoto huyu anaachwa kwenye mlango wa Amani ilhali babake halisi ni Mtemi Nasaba Bora. Ingawa wao ni vibarua maskini wasio na uhusiano wa damu naye, wanamtunza hadi mauti yanapomchukua."

Sentensi tatu zinatosha. Hakuna neno "pengine", hakuna "vijana wa siku hizi", hakuna mahubiri.

Iwapo swali litakutaka ueleze sifa za Amani, unaweza kuandika "ana upendo usio na ubinafsi" au "hatawaliwi na tamaa". Usiandike "si mwanamume kamili". Kwanza, si sifa iliyomo katika riwaya. Pili, kauli kama hiyo inasema mengi kuhusu mwandishi wa karatasi na machache kuhusu Amani.

8. Mazoezi

1. Tofautisha upendo, huba, ashiki na uchu, kisha umtafutie kila dhana mhusika mmoja katika riwaya. (alama 8)
2. Eleza kinaya katika uhusiano wa Amani, Uhuru na Mtemi Nasaba Bora. (alama 6)
3. "Katika Sokomoko hata kuomboleza ni haki inayonyang'anywa." Jadili ukirejelea Amani na Imani. (alama 20)
4. Linganisha Bi Zuhura na Imani kwa kuzingatia jinsi kila mmoja anavyoukabili upweke wake. (alama 10)

Kabla hujafunga kitabu, nina neno moja kuhusu usomaji wa darasani. Mnapoijadili riwaya hii kwa makundi, kumbukeni kwamba mliokaa kwenye madawati si sawa. Yupo aliyezika mzazi muhula uliopita. Watu walijaa kwao kila jioni kwa mikutano ya mchango, wakamsindikiza marehemu hadi Lang'ata au mashambani, na wiki iliyofuata hakuna aliyebisha mlango. Yupo pia kijana ambaye wenzake wakianza hadithi za wasichana yeye hana la kusema, naye hucheka pamoja nao ili asigundulike. Kicheko chenu dhidi ya Amani, na neno mtakalomwita, wote wawili watalisikia na kuliweka.

Soma sura za Zuhura na za Uhuru kwa mara nyingine, kalamu mkononi. Kila unapotaka kuandika kwa nini Amani ametenda jambo, andika kwanza ukurasa. Ukikosa ukurasa, ifute hoja hiyo na utafute nyingine.